Saspensheni ya hewa kwenye Discovery 4: uzoefu wangu na fundi wa Industrial Area

Gari ni Land Rover Discovery 4 ya 2012, dizeli, lililoingia nchini kutoka Uingereza likiwa limetumika. Kwa wasiolijua, halina springi za chuma. Kila gurudumu lina mfuko wa mpira uliojaa hewa, umekaa juu ya shokamzoba, na kompresa moja ndiyo inayolisha mifuko yote minne. Ukijaza watu saba na mizigo, nyuma haishuki. Ukifika kwenye matope unabonyeza swichi, gari linanyanyuka. Mama yangu akitaka kupanda, ninalishusha.

Mwaka jana, baridi ya Julai ilipoanza kuuma, nikawa nalikuta gari limelala pande zote kila asubuhi. Nikiwasha linapanda kwa kujivuta, kompresa ikinguruma kupita kawaida, na baadaye dashibodi ikaanza kunionya kwamba saspensheni ina hitilafu.

Gereji ya kwanza waliunganisha mashine ya kompyuta, ikatoa msimbo wa hitilafu C1A20, na kabla sijamaliza chai nikapewa makadirio: kompresa mpya na mifuko minne, zaidi ya laki nne. Hoja yao ilikuwa kwamba gari linashuka lote, basi yote imeoza. Sasa, msimbo huo unasema tu kwamba shinikizo la hewa linapanda polepole mno tangi la akiba ya hewa linapojazwa. Kwa nini linapanda polepole, hausemi. Pengine kompresa imechoka, pengine hewa inavuja mahali, pengine kikaushio cha hewa kimeziba. Mashine ilitaja dalili, wao wakataka kuniuzia dawa zote dukani. Nikachukua ufunguo wangu.

(Mtaani kwetu kila mtu ana binamu aliyeng'oa mfumo mzima akaweka springi za kawaida. Inawezekana, na kwa anayetaka tu gari litembee si wazo baya. Ila unapoteza kila kitu nilichotaja hapo juu, na bado lazima mtu aingie kwenye kompyuta ya gari kuzima zile taa za onyo.)

Fundi wa pili nilielekezwa na mwenye Range Rover. Yuko Industrial Area, Nairobi, ndani ndani kidogo ukitoka Enterprise Road, yadi isiyo na bango la maana. Aliniuliza maswali kwanza: linashuka kwa muda gani, linaanza mbele au nyuma, likiwa kwenye mteremko je? Kisha akasema, "Boss, usinunue kitu leo. Niachie gari ilale hapa."

Akachukua tepu, akapima kila kona kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, akaandika namba kwa chaki kwenye tairi. Halafu akatoa fyuzi ya saspensheni. Sikuelewa ya nini. Kumbe gari hili hata likizimwa, kompyuta yake huamka kila baada ya muda kukagua kimo, na ikikuta kona moja imeshuka, inazipunguzia hewa zile nyingine ili gari likae sawa. Kwa hiyo mfuko mmoja ukivuja, asubuhi unakuta gari lote liko chini. Fyuzi ikitoka, kila mfuko unabaki na hewa yake na kila kona inajieleza yenyewe.

Kesho yake kona tatu zilikuwa pale pale kwenye namba za chaki. Ya mbele kulia ilikuwa imeshuka zaidi ya milimita 60.

Akarudisha fyuzi, akapandisha gari hadi kimo cha juu kabisa ili mkunjo wa mpira ufunguke, akapaka maji ya sabuni kwa brashi ya rangi. Viungo vya bomba vikavu. Kizibo cha valvu kikavu. Kwenye mkunjo wa chini wa mfuko, upande unaotazama injini, vipovu vidogo vikaanza kujipanga kwenye ufa ambao kwa macho ungeuona kama mkwaruzo tu. Nilipiga picha.

Kompresa iko chini upande wa kushoto, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Aliifungua nikiwepo. Ringi ya pistoni ilikuwa imelika, na chembechembe za kikaushio zilikuwa zimeanza kugeuka unga mweupe, ambao ukifika kwenye valvu unaleta shida nyingine kabisa. Alisema kompresa haikuwa chanzo; ilichoshwa na kujaza hewa inayovuja. Akaweka ringi mpya na chembechembe mpya badala ya kununua nyingine.

Mfuko nilinunua mpya pamoja na shokamzoba yake, KSh 78,000. Kule Grogan, kwenye maduka ya spea zilizotumika, kulikuwa na uliotumika kwa bei ya kutupa, lakini mpira wa mtu mwingine uliokwishakaa miaka kumi barabarani siutaki. Fundi alinishauri nibadilishe na wa kushoto kwa sababu umri ni mmoja. Nimeuacha kwanza. Jumla, pamoja na kazi, upimaji, kompresa na alaimenti, ilifika KSh 118,000.

Kwa upimaji nampa alama zote. Kwa mengine, hapana. Aliniahidi gari keshokutwa, likakaa karibu wiki nzima, kwa sababu anayesawazisha kimo kwa kompyuta si wa pale. Anazunguka gereji kadhaa na humpati unapomtaka. Mara ya kwanza alisawazisha pua ikabaki juu kuliko upande wa nyuma, ikabidi nirudi. Pa kukaa hakuna, utasimama juani na magari ya watu. Ada ya upimaji, KSh 5,000, haikatwi kwenye bili hata ukimpa kazi, na hakuniambia hivyo mwanzoni.

Shokamzoba ina waranti ya mwaka mmoja kutoka duka la spea. Kwa kompresa hakutoa waranti yoyote, na risiti ni ya mkono, kwa hiyo mwambie aandike kila kitu alichobadilisha kabla hujatuma pesa kwa M-Pesa.