Nairobi hadi New York bila kushuka: nauli yake ina maana?

Kama unampeleka mzazi Marekani, kata tiketi ya moja kwa moja. Nauli yake naijua: ya kwetu ilizidi zile za kupitia Ghuba kwa shilingi elfu thelathini hivi kwa kila kichwa, na nililipa huku naguna.

Kilichonishawishi ni ramani. Kutoka JKIA hadi JFK ni kilomita 11,800 na ushee. Ukipitia Dubai, kwanza unaruka kama saa 5 kuelekea kaskazini mashariki, yaani umeipa New York kisogo, na ukitoka pale bado una saa 14 hivi za kukaa. Kipande hicho cha pili peke yake kinakaribia safari yetu nzima. Mama ana magoti mabovu. Kumzungusha kwenye uwanja mwingine usiku wa manane, hapana.

Safari hii ni ya Kenya Airways, walioianza Oktoba 28, 2018, kwa Boeing 787-8. Tuliondoka kabla ya saa 6 usiku, mwezi Januari. Usiku unafaa: uwanja wetu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ndege iliyobeba mafuta ya saa 15 hunyanyuka kwa urahisi zaidi kukiwa na baridi.

Madirisha ya ndege hii hayana vifuniko, yana kitufe cha kutia kioo giza. Mama alikibonyeza juu, akakibonyeza chini, nje kweusi vilevile. "Kwani huku hakuchi?" Nikamweleza kwamba tunaelekea magharibi, tunaufuata usiku. Akanitazama kama namdanganya. Ramani ya kwenye skrini ilituonyesha Morocco, na hapo ndiyo kwanza nusu ya njia. Akaagiza chai nyingine, wakamletea bila kununa. Chakula ni cha ndege, sina la kuongeza. Hewa ya ndani, lakini, haichoshi: hushindiliwa mpaka ikawa kama ya mahali penye kimo cha mita 1,800, ambacho ni kimo cha Nairobi mjini.

Jambo moja kuhusu zile tovuti za kukokotoa umbali. Mdogo wangu, aliyekuja kutupokea, aliingiza majina ya miji miwili katika mojawapo, ikamjibu saa 13. Akawahi, akasinzia kwenye kiti cha uwanjani mpaka tukatokea. Tovuti kama hizo huchukua kilomita na kuzigawa kwa mwendo wa ndege, basi. Upepo wa Atlantiki ya Kaskazini huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo kwenda unapambana nao, kurudi unakusukuma. Kilomita ni zilezile, ila kwenda ni kama saa 15 na kurudi kama 14. Amini saa zilizo kwenye tiketi, ukikumbuka kila moja ni ya mahali pake: Januari New York iko nyuma yetu kwa saa 8, majira ya joto ni 7.

Omba kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, usingoje kaunta. Chukua kiti cha kando ya ujia, maana viti vimepangwa vitatu vitatu na wa katikati hana raha.

Nikisafiri peke yangu nitapitia Dubai na tofauti ya nauli ibaki mfukoni. Nikiwa na Mama, ni hii hii.