Mbwa wa miaka 8 kwa mama wa miaka 71: maoni yangu kuhusu huduma iliyotukutanisha

Kituo ninachokizungumzia hupokea mbwa na paka walioachwa na wenyewe, kisha huwatafutia makao kwa watu waliovuka miaka 60. Mtu wa rika langu hapewi mtoto wa mbwa hata akibembeleza, na kwa hilo tu wanastahili sifa. Mtoto wa mbwa anatafuna viatu, anakojoa ndani, anarukia watu, na hakuna ajuaye atakuwa mkubwa kiasi gani. Mbwa mzima tabia zake zinajulikana. Unaambiwa mapema anaogopa nini, anavuta kamba au havuti, na akiachwa peke yake anafanya nini.

Mimi ni mkunga mstaafu, mjane, naishi peke yangu. Nilikabidhiwa Shaba, jike mwenye manyoya ya rangi ya jina lake, ameshafungwa kizazi na chanjo zake zote zimekamilika, ikiwemo ya kichaa cha mbwa. Akisimama ananifika gotini, na kimo hicho kilichaguliwa. Dada aliyenihoji alitaka kujua macho yangu yanaonaje usiku, natumia dawa zipi, na kama nimewahi kuanguka. Nikamweleza kwamba dawa yangu ya presha hunipa kizunguzungu nikiinuka ghafla. Hapo hapo akaifunga faili ya kambwa keupe nilikokapenda kwenye picha. “Huyu, mama, anapenda kujipitisha katikati ya miguu ya mtu anayetembea. Ngoja tukutafutie mwingine.”

Swali lile la kuanguka ndilo lililonifanya niwaamini. Wanaotuhimiza wazee tufuge wanyama mara nyingi wanaliruka. Mwaka 2009 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilitoa makadirio kwamba kila mwaka watu zaidi ya 86,000 nchini humo walitibiwa kwenye idara za dharura kwa majeraha ya kuanguka yaliyohusiana na mbwa na paka, na sehemu kubwa ilikuwa mbwa. Waliokuwa katika hatari kubwa kuliko wote ni wale waliovuka miaka 75. Nimefanya kazi wodini muda wa kutosha kujua nyonga iliyovunjika inavyoweza kumlaza mtu ambaye jana yake alikuwa akijipikia na kujifulia.

Tuje kwenye faida, maana zipo na nimeziona mwenyewe.

Asubuhi Shaba habweki. Anakuja kando ya kitanda, anaegemeza kidevu kwenye godoro na kunipumulia usoni mpaka nifumbue macho. Nakaa kwanza, nateremsha miguu, nasubiri kichwa kitulie. Naye anasubiri. Nikishasimama ndipo anapotangulia mlangoni, akigeuka kila hatua chache kuhakikisha nipo nyuma yake. Tangu nifiwe na mume wangu kulikuwa na siku nilizoweza kukaa na kanga ya kulalia hadi adhuhuri, kwa sababu hakuna aliyekuwa akinihitaji mahali popote. Sasa kuna anayehitaji kutolewa nje, alishwe, abadilishiwe maji, achambuliwe kupe masikioni. Jioni anakunywa kidonge chake cha viungo. Nimeweka kopo la dawa zake pamoja na langu, na tangu hapo zangu sizisahau.

Tunatembea mara mbili kwa siku, mwendo wa mimi kuweza kuongea bila kuhema. Majirani ambao kwa miaka tulikuwa tunapishana kimya sasa wanasimama kumsalimia Shaba, na baada ya Shaba wananijulia hali na mimi.

Kuhusu moyo, watu husema mengi kupita kiasi. Mwaka 1980 Erika Friedmann na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia wagonjwa 92 waliokuwa wamelazwa kwa maradhi ya moyo. Baada ya mwaka mmoja, kati ya 53 waliokuwa na mnyama nyumbani walifariki 3, na kati ya 39 wasio na mnyama walifariki 11. Namba hizo zinavutia, ila waliohesabiwa ni wachache, tena mwenye nguvu za kutunza mnyama huenda alikuwa na nafuu tangu mwanzo. Ndiyo maana Shirika la Moyo la Marekani, katika tamko lake la mwaka 2013, lilikubali kwamba kufuga mnyama, hasa mbwa, kunaweza kuhusiana na kupungua kwa hatari ya maradhi ya moyo, lakini likaonya mtu asichukue mnyama kwa sababu hiyo peke yake. Nami nasema hivyo hivyo. Presha yangu bado inataka vidonge.

Utafiti unaonigusa zaidi ulifanyika Korea Kusini, ambako wazee walipewa nyenje wa kutunza kwa wiki 8, na dalili zao za huzuni zikapungua kidogo. Nyenje hapakatwi wala hakulaki mlangoni. Unachopata kwake ni kiumbe kinachokutegemea, na nadhani hicho ndicho wengi wetu tulichopoteza watoto walipoondoka na kazi ilipokwisha. Kila mtu anataka kututunza. Ni wachache wanaotuachia kitu cha kutunza sisi.

Sasa fomu yao. Ukurasa wa mwisho una swali ambalo mwanangu hakulipenda: ukilazwa hospitalini au ukitangulia, mnyama huyu atakwenda kwa nani? Wanataka jina, namba ya simu na sahihi ya mtu huyo, na wanampigia mbele yako. Mwanangu alinuna akasema wananiombea mabaya. Mimi niliona wanatuheshimu wote wawili, mimi na mbwa. Shaba mwenyewe alifika kituoni kwa sababu mwenye mbwa alifariki na hakuna aliyekuwa ameandaliwa kumpokea. Nchini Uingereza kuna shirika, Cinnamon Trust, lililoanzishwa mwaka 1985 kwa ajili ya kazi hii hasa: watu wa kujitolea wanamtembeza mbwa wa mzee aliyeugua, na mwenyewe akifariki mnyama anapatiwa makao ya maisha. Kituo changu hakifiki huko. Wanakubali kumpokea tena mnyama wakati wowote, lakini mtu wa kuja kumtembeza Shaba nikiugua sikuahidiwa. Kwa huduma inayojiita ya wazee, hilo ni pengo kubwa.

Kasoro nyingine ni ndogo lakini zinaudhi. Walinipa kamba ile inayojikunja ndani ya kikasha, ambayo mbwa akiona paka inamruhusu kukimbia mbali kisha inakukata kwa mshtuko. Mkononi mwa mzee kamba hiyo ni hatari. Nimenunua fupi, pana, ya kushikika, pamoja na mkanda wa kumvalisha Shaba kifuani ili akivuta asinipindue. Kijitabu cha maelekezo kimechapwa kwa herufi ndogo mno, na hakina hata sentensi moja kwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, ambao mkwaruzo wa ukucha tu unaweza kuwatoa damu kwa muda mrefu.

Ningewapendekeza kwa yeyote anayeweza kutembea bila kushikwa mkono na mwenye mtu wa kusaini ule ukurasa wa mwisho. Asiyeweza kutoka nje kila siku aulize paka wazima. Wanao wengi, na hao ndio wanaokaa kituoni muda mrefu zaidi. Kuhusu kamba na kijitabu nimewaandikia barua. Wamejibu kwamba kijitabu kinachapwa upya kwa herufi kubwa. Kuhusu mtembezaji bado nasubiri jibu.