Neva ya mguu: mazoezi tiba yalivyonirudisha Mwaloni

Mimi nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, mwaka wa 12 huu. Kazi yetu inafuata mwezi. Giza likiingia maboti yanatoka na taa, alfajiri mzigo unashuka, na wewe unainama mpaka jua liwe juu. Mbalamwezi ikirudi maboti yanapumzika na mwili nao unapumzika. Ilikuwa giza la mwezi wa 2 nilipoinama kuvuta gunia, nikageuka nalo kabla sijanyooka. Mgongo ulishtuka kidogo tu, nikaendelea na kazi.

Maumivu yenyewe yalikuja siku ya tatu, tena si mgongoni. Yalianzia kwenye tako la kushoto, yakashuka nyuma ya paja, yakapita nje ya shavu la mguu mpaka kidole gumba, kama mtu ananipitishia waya wa moto ndani ya nyama. Nikipiga chafya, waya unawaka. Kukaa ndiyo ilikuwa adhabu kuliko yote. Kutoka Buhongwa mpaka Kirumba nilikuwa nasimama kwenye daladala hata viti vikiwa wazi, konda ananishangaa.

Nyumbani wakubwa walisema ni chango. Sokoni wakasema baridi. Nilichuliwa, nikanywa mizizi, nikachomwa sindano za diklofenaki za kutuliza maumivu mpaka tumbo likaanza kuuma. Kisha nikaenda kliniki moja, siitaji, nikalipia vikao 10 kwa mkupuo kwa sababu waliniambia ndiyo bei nafuu. Kila nikienda: lala, taa ya joto mgongoni, vile vipande vya umeme vinavyotekenya, dakika 30, haya mama nenda. Nafuu ilikuwa inaisha nikifika stendi. Kikao cha sita nikauliza naumwa nini. Jibu: "Pingili zimesagika." Hakuna mtu aliyekuwa amegusa mguu wangu hata siku moja. Nikaomba wanirudishie hela ya vikao vinne vilivyobaki, hawakurudisha. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu ile ilikuwa hela ya mzigo.

Wifi yangu ndiye aliyenipeleka kwenye kituo kidogo cha mazoezi tiba upande wa Nyakato, chumba kimoja na pazia. Siku ya kwanza nililipa 25,000, zilizofuata 15,000, unalipa ukimaliza.

Kijana aliyenipokea alianza na shikamoo, akavuta kiti, akaniuliza mambo ambayo sikuwahi kuulizwa. Mkojo unatoka kawaida? Ile sehemu ninayokalia, na katikati ya mapaja, ina ganzi? Inalegea miguu yote miwili au mmoja? Niliona aibu, nikajibu hivyo hivyo. Akanieleza sababu: neva, yaani mishipa ya fahamu, za mwisho wa uti wa mgongo zikibanwa zote kwa pamoja, mtu anaweza kushindwa kukojoa au kuzuia haja, na huyo si wa mazoezi, ni wa kukimbizwa hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Mimi sikuwa na dalili hizo, kwa hiyo akasema kipimo cha MRI, ile picha ya kuona ndani ya mgongo, kinaweza kusubiri. Eksirei niliyokuja nayo aliitazama, akasema hii inaonyesha mifupa, haionyeshi diski wala neva.

Akanilaza chali, akainua mguu wa kushoto ukiwa umenyooka. Haukufika hata nusu ya njia, waya ukawaka. Akasukuma kidole gumba cha kila mguu akiniambia nikivute juu: cha kulia kilishindana naye, cha kushoto kikalala. Nikatembea kwa visigino, nikatembea kwa ncha za vidole, akagonga magoti na nyuma ya kifundo kwa kinyundo. Hapo ndipo nilipoambiwa ugonjwa wangu kwa mara ya kwanza. Kati ya pingili na pingili kuna diski, na zile mbili za chini kabisa kiunoni ndizo zinazoumia mara nyingi. Diski ikituna kwa nyuma inagusa mizizi ya neva ya siatiki, ambayo ni neva nene kuliko zote mwilini. Neva inachokozwa kiunoni, kilio chake kinasikika mguuni. Nilimwelewa kabisa. Miezi miwili nilikuwa nachuliwa shavu la mguu ambalo halikuwa na kosa lolote.

Tiba yenyewe ilikuwa mkeka. Nilale kifudifudi, dakika chache tu kwanza. Kisha niegemee viwiko. Kisha nisukume kwa mikono, kifua kiinuke, kiuno kibaki chini kimelegea, mara 10, kila baada ya saa mbili tatu. Akanionyesha dirishani mjusi wa mawe, yule dume mwenye kichwa chekundu, alivyokuwa anajiinua na kushuka juu ya jiwe. "Fanya kama yule, mama." Anayeishi Mwanza hahitaji picha ya zoezi hilo.

Na akanipa neno moja ambalo naona ndilo lililoniponya kuliko kitu kingine: nifuate maumivu yanaelekea wapi, nisifuate ukali wake. Yakipanda kutoka mguuni kwenda kiunoni, hata kama kiuno kinauma zaidi, tuko njia nzuri. Yakishuka kuelekea mguuni, niache zoezi hilo mara moja nimpigie.

Wiki ya pili nilitaka kuacha. Kiuno kilikuwa kinauma kuliko siku ya kwanza, nilikuwa nalia usiku. Nikampigia kwa hasira. Akasikiliza mpaka nikamaliza, akauliza, "Na mguu, mama?" Nikanyamaza. Nilikuwa sijaangalia. Waya ulikuwa haufiki tena kidoleni, ulikuwa unaishia nyuma ya goti. Wiki ya tatu ukaishia kwenye tako. Ningekuwa bado kule nilikoachia hela, ningesema tiba imeniharibu mgongo, nikarudi kwenye sindano.

Baadaye aliongeza zoezi la kutelezesha neva. Unakaa kwenye kigoda, unanyoosha mguu ukivuta vidole kwako huku unainua kichwa, kisha unakunja mguu huku unainamisha kichwa. Taratibu, bila kuvuta kwa nguvu. Aliifananisha neva na waya wa breki ya baiskeli ndani ya mpira wake: ukikwama, huukazi, unauchezesha mpaka uteleze. Nilipozidisha siku moja, mguu uliwaka usiku kucha, nikajifunza. Mwishoni tukafanya namna ya kubeba: gunia karibu na tumbo, magoti yakunjwe, na kugeuka ugeuke kwa miguu, usipinde kiuno. Alikataa kabisa nilale kitandani siku nzima kama nilivyokuwa nashauriwa. Nitembee, hata kama ni kidogo kidogo.

Kasoro zipo. Miadi ya saa 3 unaingia saa 5, na hakuna mahali pa kusubiri mtu asiyeweza kukaa. Nilikuwa nasimama kwenye korido naegemea ukuta. Hakuna mtaalamu mwanamke, na pazia ni jepesi, aliye nje anasikia majibu yako ya mkojo. Nimewaambia, wakasema watashughulikia. Kwa mama mtu mzima si jambo dogo hilo.

Tafadhali, msichukue mazoezi yangu mkayafanya. Jirani yangu, mzee wa zaidi ya miaka 60, aliniona kwenye mkeka akaiga, miguu ikazidi kufa ganzi. Nilimpeleka kule kule. Kumbe kwake njia ya neva ndiyo iliyokuwa imekuwa nyembamba, na watu wa aina hiyo mara nyingi wanapata nafuu wakiinama au wakikaa, kinyume changu kabisa. Yeye alipewa mazoezi ya kukunja magoti kifuani. Maumivu ya mguu yanaweza kufanana, kilichoyaleta kikawa tofauti, ndiyo maana mtu akupime kwanza kwa mikono yake.

Nilikwenda vikao 9 kwa jumla, vya mwisho nikivipanga wakati wa mbalamwezi ili nisikose mzigo. Sasa ni mwezi wa tano tangu nianze. Waya umezima. Kidole gumba bado kina ganzi kidogo pembeni, aliniambia ganzi huchelewa kuondoka kuliko maumivu na tusiikimbize. Nguvu yake imerudi, mara ya mwisho kilishindana na kidole chake mpaka akacheka.

Kwenye daladala nakaa. Mkeka nimeuhamishia stoo pale Mwaloni, na saa 4, mzigo wa kwanza ukishatoka, nafunga mlango nafanya mara zangu 10.