Miezi minne na gemu la manowari: turbini mwaka 1899, kweli?

Mie kazi yangu ni mashine za boti, hapa Malindi, Unguja. Nalisema mapema ili ujue natazama kwa jicho gani. Gemu likiniambia manowari inakwenda fundo 24, nauliza ina boila ngapi na nani anazilisha makaa.

Ni gemu la historia mbadala. Unakabidhiwa jeshi la majini la nchi moja kuanzia 1890, unapewa bajeti, unachora manowari zako mwenyewe, unagawa fedha za utafiti, na vita vikija unapigana na ulivyoviunda. Kijana mmoja wa baraza yetu alipata faili la nyongeza linaloifanya Zanzibar kuwa dola ya kuchagua. Hapo ndipo usingizi ulipoisha.

Nilimimina fedha zote kwenye utafiti wa mashine. Mwaka 1899 gemu likanipa turbini, yaani mashine ya mvuke inayozunguka, haina pistoni, nikaitia kwenye manowari ya tani 14,000. Nilipowaonesha wenzangu barazani, Ami, aliyemaliza ujana wake kwenye meli za mizigo, akaweka kikombe chini. "Mwanangu, hiyo umeiundia chelezo gani? Hata ile meli Glasgow ya Seyyid Barghash iliundwa Uingereza." Kijana akadakia: hii historia mbadala, Ami, lolote linawezekana.

Mie niko na Ami. Ukibadilisha historia unabadilisha maamuzi na fedha, maji hayabadiliki. Charles Parsons, mbunifu wa turbini ya meli, aliwaduwaza Waingereza kwa kiboti chake Turbinia mwaka 1897, kikikata fundo 34 mbele ya manowari zao pale Spithead, pwani ya Uingereza. Lakini kabla ya hapo kilimtesa. Turbini inataka kuzunguka mbio, rafadha, yaani propela, inataka kwenda taratibu. Ukiizungusha kupita kiasi inafanya mapovu na haishiki maji. Mwenye mashine ya boti iliyowahi kunguruma huku boti haiendi ananielewa. Parsons aliishia kutia mihimili mitatu ya kuzungushia, kila mmoja na rafadha tatu. Kisha Waingereza wakaijaribu kwenye manowari ndogo, Viper na Cobra, na zote mbili zikapotea mwaka huohuo wa 1901: moja ilipanda mwamba kwenye ukungu, ya pili ilikatika vipande viwili. Dreadnought, manowari kubwa ya kwanza ya turbini, ilikuja 1906. Miaka tisa, kwa jeshi la majini lenye fedha kuliko yote duniani! Kwenye gemu langu hakukuwa na Viper wala Cobra. Mstari wa utafiti kwenye skrini ulijaa, basi.

Rada ndiyo kichekesho zaidi. Niliipata 1924, wakati Waingereza waliitia kwenye manowari yao Sheffield mwaka 1938. Bahati nzuri kuna sehemu ya mipangilio ya kupunguza kasi ya utafiti. Ishushe kabla hujaanza, usifanye kosa langu.

Penye haki niseme: kwenye mizinga gemu hili limeniheshimu. Tuliunda upya pambano la bandarini kwetu, 20 Septemba 1914, Königsberg ya Wajerumani dhidi ya Pegasus ya Waingereza. Karatasini mizinga yao karibu ni sawa, inchi 4 kwa sentimita 10.5, nusu sentimita haifiki. Nikadhani gemu litawapa sare. Wapi! Kila mzinga una daraja lake la ubora kulingana na umri wake, na Mjerumani alikaa mbali akapiga atakavyo huku risasi za Pegasus zikiangukia majini kabla ya kumfikia. Ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile. Waliokufa, wengine wamezikwa kisiwa cha Chapwani. Nimewahi kupeleka wageni, makaburi yapo chini ya miti.

Ila Pegasus ilipigwa ikiwa imetia nanga, mashine zikitengenezwa. Gemu halilijui hilo. Meli ama ni nzima, ama iko matengenezoni na vita haviihusu. Jamani, mie nimeshikwa mara ngapi na mteja juu ya gati, mashine iko wazi, pistoni juu ya gunia, naye abiria wameshapanda?

Mengine kwa ufupi. Maandishi ni madogo mno na yote kwa Kiingereza. Laptopu yangu kuukuu inapata moto, na vita vikubwa vinajikokota. Umeme ulikatika katikati ya pambano, na kwa kuwa betri imekufa nikapoteza miaka miwili ya mchezo, maana halijihifadhi lenyewe vitani. Bila mausi usijaribu.

Nyota tatu na nusu. Ingekuwa nne kama wangetia ajali kwenye utafiti.

Ami hajawahi kushika kompyuta, lakini juzi alinitaka nimfungulie lile pambano la Pegasus tena. Akaamrisha ing'oe nanga usiku, itoke polepole, ijifiche nyuma ya kisiwa cha Chumbe. Königsberg ikaikuta saa moja asubuhi. Akanyamaza, kisha akasema: "Rudisha nyuma. Safari hii makaa tunapakia tangu Ijumaa."