Wilson Pro Staff RF97: raketi ya bingwa wa Wimbledon, na nani hasa aitumie

Raketi nyingi za tenisi zenye jina la bingwa ni rangi tu. Bingwa mwenyewe anaendelea na fremu yake ya zamani iliyopakwa rangi mpya, na mnunuzi dukani anapewa kitu kingine. RF97 Autograph haiko hivyo. Ilitoka 2014 baada ya Roger Federer kushiriki kuibuni, ikauzwa kwa vipimo vizito alivyovitaka yeye: gramu 340 bila nyuzi. Fremu ya aina hii ndiyo aliyoshika 2017 alipochukua taji lake la 8 la Wimbledon bila kupoteza seti hata moja, akimalizana na Marin Čilić 6-3, 6-1, 6-4. Ni raketi nzuri mno, lakini wengi wanaoitamani haiwafai.

Ukoo wake unaeleza mengi. Pro Staff ya kwanza ilikuwa na kichwa cha inchi za mraba 85, fremu nyembamba ya kaboni iliyochanganywa na kevla (nyuzinyuzi ngumu sana), na nyuzi 16 za wima kwa 18 za mlalo. Stefan Edberg alishinda nayo Wimbledon 1988 na 1990. Pete Sampras alishinda mara 7 kati ya 1993 na 2000, tena akiongeza vipande vya madini ya risasi kwenye fremu ambayo tayari ilikuwa nzito. Kwenye nyasi mpira huruka chini, na anayekimbilia wavuni anataka fremu isiyotikisika anapozuia mpira wa kasi. Kichwa kidogo hakikuwapa shida.

Baadaye shida ilikuja. Mchezo ulihamia nyuma ya uwanja, mipira ikawa inazungushwa sana na kuruka hadi begani. Ukipiga mkono wa nyuma kwa mkono mmoja ukiwa juu kiasi hicho, kichwa cha inchi 90 alichokuwa akitumia Federer hakikusamehe: mpira uligonga ukingo wa fremu ukaenda kwa watazamaji. Federer alitolewa raundi ya pili Wimbledon 2013, na majira yale yale akaanza kujaribu kichwa kikubwa zaidi. Matokeo yake ni hii ya inchi 97, yenye nyuzi 16 kwa 19 na unene wa milimita 21.5 kuanzia shingoni hadi juu.

Ukiifunga nyuzi inafika gramu 357 hivi, na uwiano wake, yaani mahali inapotulia ukiiweka juu ya kidole, uko sentimita 31.4 hivi kutoka chini ya mpini. Maana yake uzito mwingi uko upande wa mkono, ndiyo maana dukani ukiipunga mara mbili tatu unaiona nyepesi. Usidanganyike na hilo. Ipime mwishoni mwa seti ya pili. Mkono ukichoka unachelewa, mpira unakutana na raketi ukiwa umeshapita mwili, na hapo unaanza kupiga kwa kifundo cha mkono. Kiwiko kinaumia kwa njia hiyo. Asiyechelewa anapata raha ya pekee: mpira mzito wa mpinzani hauisukumi fremu, voli inatua pale ulipoielekeza, na mkato wa mkono wa nyuma unateleza chini kabisa.

Nyuzi ndizo zinazoamua kama utaipenda au utaiuza. Fremu ni ngumu, kwa hiyo kuijaza poliesta tupu (nyuzi ngumu za plastiki) kwa mkazo wa kilo 26 ni kujitafutia maumivu. Federer alitumia utumbo wa ng'ombe kwenye wima na poliesta ya Luxilon kwenye mlalo, na mpangilio huo unaifaa fremu hii kuliko mwingine wowote. Mwombe fundi aanze na kilo 24 kwa utumbo na 22.5 kwa poliesta. Poliesta ikikazwa sawa na utumbo, kitanda cha nyuzi kinakuwa kama ubao. Zinahitajika takribani mita 6 za kila aina. Utumbo ni ghali na hauupendi unyevu. Kwa anayecheza Dar es Salaam au Mombasa, ukinyeshewa unaanza kuchambuka, na raketi ikiachwa kwenye buti la gari juani mkazo unapungua. Kama bajeti hairuhusu, nailoni laini yenye nyuzinyuzi nyingi kwenye wima inatosha. Poliesta ibadilishwe ikishapoteza uhai, hata kama haijakatika.

Anayenunua iliyotumika aje na mzani wa jikoni. Fremu yenye nyuzi na kitambaa cha juu cha mpini isome kati ya gramu 360 na 370. Ikisoma 320, ama ni toleo jingine la Pro Staff ama ni bandia. Pitisha ukucha juu ya kichwa, mahali kinapokwaruzana na sakafu, ukitafuta ufa. Kagua pia vile vibomba vya plastiki kwenye matundu: vikichanika, uzi unasuguana na kaboni na kukatika palepale kila mara. Mpini wa unene wa L3 ndio wa Federer, lakini chagua unaoujaza mkono wako.

Kwa mchezaji wa klabu ninayemwona akicheza mara mbili kwa wiki, Pro Staff 97 ya gramu 315 ni chaguo bora, au RF 01 Pro ya 2024 yenye gramu 320 na kichwa cha inchi 98. Ukitaka uthabiti zaidi, bandika gramu 2 za risasi kila upande wa kichwa, pale kilipo kipana zaidi, na gramu 4 juu kidogo ya mpini ili uwiano usihame sana. Cheza nayo wiki kadhaa kabla ya kuongeza tena.