Lupa ya Swichi Moja: Pedali ya Kujifunzia Apejio Kwenye Besi

Haya, karibuni tena, wapenzi wa gitaa la besi. Kidude hiki mnachokiona mkononi mwangu, kinachoenea kiganjani, ni lupa. Ukikikanyaga kinarekodi unachopiga, ukikikanyaga tena kinakirudia mpaka ukisimamishe. Wapiga solo ndio wanaokisifia sana. Mimi nimekifanyia mazoezi ya apejio kwa wiki sita, na nasema mpiga besi anakihitaji zaidi.

Apejio, kwa walioanza juzi, ni noti za kodi (yaani noti kadhaa zinazolia pamoja) zikipigwa moja moja. Tazameni kodi ya C: do, yaani noti ya C, iko freti ya 3 (freti ni vile vipande vya shingo ya gitaa) kwenye uzi wa A, naibana kwa kidole cha kati. Mi, yaani E, ni freti ya 2, uzi wa D, kidole cha shahada. So, yaani G, ni freti ya 5, uzi uleule, kidole cha mwisho. Umbo hilo halina ugumu. Ugumu ni kwamba vidole vinalizoea upesi na masikio yanabaki nyuma. Mtu anapanda na kushuka vizuri kabisa, lakini mwambie aimbe ile mi, anakwama.

Hapo ndipo lupa inapoingia. Weka metronomu, kile kipima mapigo, kwenye 60 kwa dakika. Rekodi noti ya D hesabu 4, G hesabu 4, C hesabu 8. Sekunde 16 tu. Kisha piga juu yake apejio za kodi za Dm7 (D, F, A, C), G7 (G, B, D, F) na Cmaj7 (C, E, G, B). Mizunguko ya kwanza anza kila kodi kwenye noti yake ya msingi. Ukishazoea, acha kurukia msingi, tafuta noti iliyo karibu. Dm7 inaishia kwenye C, sivyo? Basi shuka nusu toni tu, yaani freti moja, uingie kwenye B, na tayari uko ndani ya G7. Nilipoisikia mara ya kwanza nilirudia jioni nzima, kwa sababu zile apejio tatu ziligeuka kuwa sauti moja inayotembea.

Sasa kasoro. Besi juu ya besi inavuruga sauti, hasa chini kule. Nimepunguza sauti ya marudio, ikasaidia kiasi. Dawa hasa ni kurekodi noti mbili zilizoachana: C ya freti ya 8 kwenye uzi wa E, pamoja na E ya freti ya 9 kwenye uzi wa G. Zikilia pamoja, kodi inasikika wazi kabisa.

Kuisimamisha ni kukanyaga mara mbili haraka, na ngoma haina. Kama unataka mdundo, hii siyo yako.

Jambo jingine: ukichelewa kukanyaga hata kidogo, kila mzunguko utajikwaa palepale. Wengine wanaona ni usumbufu. Mimi naipenda kwa hilo, maana metronomu haikuambii umeteleza wapi, hii inakurudishia kosa lako mpaka ulirekebishe.

Vaeni hedifoni, spika ya simu haitoi sauti hizi za chini. Nakanyaga... D... G... Sikilizeni F hii inavyoshuka kwenye E, C inapoingia. Hiyo hapo.