Walinifunga turbo nyingine, kumbe mluzi ulikuwa wa mpira

Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Hela iliyonitoka ni ada ya watoto wangu wawili, na mluzi uliolipeleka gari gereji nikatoka nao vilevile.

Gari ni Fuso, naendesha mwenyewe. Napandisha saruji kutoka Dar kwenda Iringa, nashuka na mbao za Mafinga au viazi. Masika yalipokuwa yanaishia nikaanza kusikia mluzi. Sisemi ule mlio wa kawaida wa turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini, ambao kila dereva anaujua. Huu ulikuwa mwembamba, kama mtoto anapuliza kifuniko cha kalamu, na ulikuja nikikanyaga mafuta gari likiwa na mzigo. Nikitoa mguu, kimya. Nikisimama injini inaunguruma, kimya. Kwenye tambarare ya Mikumi niliusikia kwa mbali. Kwenye mlima wa Kitonga ukawa kelele kabisa, moshi mweusi umefunga barabara nyuma yangu, na kona nilizozoea kuzipanda na gia ya tatu zikanirudisha ya pili, halafu ya kwanza. Mabasi yananipigia honi, malori yamejipanga nyuma. Aliyewahi kupanda Kitonga gari halina nguvu anajua roho inavyokuwa.

Niliporudi Dar nikalipeleka gereji moja kubwa, jina naliacha. Fundi mkuu akaja, akasema washa. Nikawasha. Akasema piga resi. Nikapiga mara tatu, gari tupu, limesimama. Kabini hakuinua aone injini, hakugusa kitu. "Turbo imekufa hiyo."

Nikamwambia, kaka, huu mluzi hautoki gari likiwa tupu, tutafute mzigo twende barabarani uusikie mwenyewe. Akanigeukia mbele ya vijana wake: "Wewe ni dereva au fundi? Kama ni fundi, shika spana." Vijana wakacheka. Nina zaidi ya miaka ishirini kwenye usukani, na yule ningeweza kumzaa. Shikamoo hakunipa, hilo nililimeza. Lakini kunicheka kwa sababu nalijua gari langu?

Nikamuuliza basi kama ataikagua shafti. Hata sisi madereva tunajua: unafungua mpira unaoleta hewa kutoka kwenye filta, unaingiza vidole, unashika shafti ya turbo, unaitikisa. Ikicheza kidogo sana pembeni si ugonjwa, maana inaelea kwenye oili. Ikienda mbele na nyuma, au mapanga yanayozunguka nayo yamekwaruza ukuta wa turbo, hapo ndipo useme imekufa. Ni kazi ya dakika tano. Hakunijibu, alikuwa ameshaanza kupiga simu kutafuta spea.

Nikakubali, mzigo ulikuwa unanisubiri. Nikalipa Sh 1,850,000, turbo ya mtumba pamoja na ufundi. Haki yao niwape: walifunga vizuri, hakuna oili inayovuja popote, na wakamaliza siku hiyohiyo. Tena zamani walinifanyia giaboksi ambayo mpaka leo haijanisumbua. Nilitoka pale moyo umetulia, nikajiambia labda kweli wao wanajua na mimi ni dereva tu.

Safari iliyofuata, kona ya kwanza ya Kitonga, mluzi uleule. Utingo wangu akanitazama, hakusema neno. Na mimi sikusema.

Nikajikokota mpaka Ilula, nikaelekezwa kwa fundi mmoja mtu mzima. Nilimwamkia, akaniuliza habari za njia, halafu akaniuliza habari za gari. Unalia na mzigo au hata tupu? Moshi upo, wa rangi gani? Asubuhi injini ikiwa baridi unausikia? Akanisikiliza mpaka mwisho. Ndipo akainua kabini. Alianza na manifoldi ya ekzosi, pale moshi unapotokea kwenye injini, akitafuta masizi, kwa sababu gasketi ikivujisha moshi huacha alama nyeusi pale pale. Hakukuwa na kitu. Akaziba mdomo wa turbo kwa kifuniko alichokichonga mwenyewe, kimechomekwa valvu ya tyubu, akaunga kompresa. Alijaza upepo taratibu, paundi kama 15 tu. Tairi za nyuma zinakula zaidi ya mia, lakini huku ukizidisha unapasua intakula, ile rejeta inayopoza hewa ya turbo. Kisha akapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo.

Mpira unaotoka kwenye turbo kwenda intakula, upande wa chini, karibu kabisa na klampu, povu likachemka. Ufa wenyewe haufiki urefu wa kidole. Pembeni yake oili na vumbi vilikuwa vimegandamana, kwa hiyo alama ilikuwepo siku zote, hata siku ile walipofungua mpira huohuo kubadilisha turbo.

Akamwita utingo wangu, akamwambia weka mkono hapa, unasikia upepo? Gari likisimama bila mzigo turbo haisukumi hewa ya maana, mpira umelegea, ufa umefumba. Ukikanyaga na mzigo mpira unavimba, ufa unaachama, ndio mluzi. Hewa ya injini inapungua, dizeli inazidi, ndio moshi na nguvu kupotea. Mpira, klampu mbili na ufundi: Sh 95,000. Kona zilizobaki mpaka Iringa nilipanda nikisikia turbo peke yake.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema ile gereji ya Dar msiikanyage. Nikakumbuka giaboksi, nikaona niseme wapelekeeni giaboksi na klachi, turbo hapana. Lakini juzi nilipita kudai turbo yangu ya zamani, maana sasa najua ilikuwa nzima. Fundi mkuu akasema walishaiuza chuma chakavu, na hakuinua hata uso kuniangalia. Turbo nzima, chuma chakavu! Hapana, siwapelekei tena hata balbu. Namba ya ile turbo ninayo, niliiandika kwenye daftari la gari tangu nilipolinunua. Jumatatu narudi pale na daftari, na utingo wangu nakwenda naye.